Kigoda Chako Hakikaliwi na Mwingine

Mdogo wangu mpendwa Yoeli,

Barua hii sikuifunga. Nimeiandika nikijua itasomwa na wengi kabla ya kukufikia, kwa sababu sijui uko wapi, na sina jina la mji la kuandika juu ya bahasha. Nimeinakili kadiri mkono ulivyonivumilia. Nakala moja imekwenda na wanawake wanaouza ndagala, dagaa wakavu, ng'ambo ya ziwa. Nyingine ameichukua mzee wetu wa kanisa anayekwenda upande wa Burundi. Nyingine nimempa dereva wa kamyo anayepanda Bukavu kupitia Sange na Luvungi, ingawa yule bwana anapenda pombe na sijui kama itafika. Wote nimewaomba jambo moja: popote Marafiki wa imani yetu wanapokusanyika, isomwe kwa sauti. Basi kama unaisikia sasa na watu wamekaa kando yako, usione haya. Waache wasikie. Na ninyi mnaosikiliza, kama kati yenu kuna kijana mrefu, mwenye kovu kidevuni, anayecheka kwa pua, mshikeni mkono mumwambie dada yake anamwita.

Salamu kwanza. Minye niko mzima. Nyumba ya Baba pale Nyamianda bado imesimama, ila bati limetobolewa na risasi, na mvua ikinyesha nazunguka na masufuria kama mtu anayekinga maji ya kuuza. Michikichi inazaa vizuri. Mama Zaituni jirani bado ana mdomo uleule. Zakaria ndugu yetu pia ni mzima, na habari za Zakaria ndizo zilizonifanya nishike kalamu, lakini usinikimbize. Nitafika.

Unakumbuka Baba alivyochonga vile vigoda vitatu? Mama alikuwa ametutoka, weye ulikuwa mgongoni mwangu, na Zakaria alikuwa anaanza kusoma. Baba alileta mti mgumu kutoka mlimani, akakaa uani siku nzima na tezo lake, hasemi na mtu. Alichonga changu, akachonga cha Zakaria, akachonga chako ambacho hukuwa hata na makalio ya kukijaza. Ulipopata nguvu ya kushika msumeno, ukasema unataka kumsaidia fundi, ukaukata mguu mmoja wa kigoda chako mwenyewe. Nilitaka kukuchapa. Baba akanizuia, akasema, "Muache. Sasa kinamujua mwenyewe."

Tangu siku ile kigoda chako kikawa kinacheza. Ukikaa, ko. Ukihama kidogo, ko. Na nyumba yetu, kati ya nyumba zote za Uvira, ndiyo iliyokuwa haistahimili kigoda cha namna hiyo.

Kwa ajili ya wanaosikiliza na hawatujui, niseme. Sisi ni Marafiki, wale ambao wazungu huwaita Kwekeri. Baba aliipokea imani hiyo Burundi, alikokuwa anafanya useremala misheni. Kanisani tuliimba na kuhubiriwa kama watu wengine wote, lakini nyumbani Baba alishika ule utaratibu wa zamani aliofundishwa na mwalimu wake wa kwanza: Jumapili tunakaa kwa duara, tunanyamaza, tunamngoja Mungu. Mwenye neno lililomsukuma kwa kweli alilisema. Asiye nalo alinyamaza mpaka mwisho. Hatukubatiza kwa maji. Hatukuapa, hata mbele ya jaji, kwa sababu mtu anayeapa leo anakiri kwamba jana alikuwa anaongopa. Hatukushika silaha. Na jambo la nyumba halikuamuliwa kwa wengi kuwashinda wachache. Tulikaa mpaka wote waseme ndiyo, na mmoja akisema hapana, tulingoja.

Minye ambaye Mungu alinipa mdomo, ile ilikuwa adhabu. Baba aliniambia, "Damari, hata kimya chako kinapiga kelele." Weye ulikuwa unashikwa na kwikwi, halafu unacheka kwa pua, halafu kigoda, ko, ko, ko, na Zakaria anakukazia macho kama katekista. Mama Zaituni akatutazama juu ya ua na kusema, "Ninyi munakutana kunyamaza tu? Hata samaki wananyamaza, lakini hawajiiti kanisa!" Baba alimpenda kwa maneno yale. Alimpelekea chupa ya mawese kila tulipokamua.

Ninakukumbuka, Yoeli. Nasema hivi hivi bila kuzunguka. Nikipika sombe la majani ya muhogo nakukumbuka, nikiona mtoto anakimbiza ringi ya baiskeli nakukumbuka.

Na ile siku ya uhuru! Nadhani ndiyo siku ya mwisho niliyotuona sote tukicheka pamoja. Ulicheza barabarani mpaka kiatu kikakatika. Zakaria alikuwa amepata kazi ya ukarani kule biro ya teritwari, ofisi ya serikali, akapewa kiti cha mzungu aliyeondoka, akanunua tai. Ukamzunguka ukimpigia saluti, "Bwana Mukubwa, naomba ruhusa ya kukohoa!" Naye akajaribu kukasirika akashindwa. Baba alikaa mlangoni, hakucheza. Nilimuuliza kama hafurahi. Akasema anafurahi, ila ameona vijana wengi wamebeba fimbo begani wakizishika kama bunduki, na moyo wake haukulala.

Unajua yalikotoka maneno yale. Baba alipokuwa kijana, Wabelgiji walimkamata awe pagazi wa vita yao na Wajerumani. Alibeba masanduku ya risasi kichwani mpaka Tabora. Hakupiga hata moja, lakini alizibeba, na alirudi akiwa na upara mdogo utosini ambapo nywele hazikuota tena. Alitugusisha upara ule tulipokuwa wadogo. Weye ulidhani watu wote wakizeeka wanaota kishimo pale.

Ndipo alipougua. Akatuita. Hakutaka kuandika karatasi, alisema karatasi inaungua. Alimwita mzee wa kanisa, akamwita Mama Zaituni na mumewe Mzee Ramazani wawe mashahidi, ingawa ni Waislamu, kwa sababu alisema hao ndio watu waliomwona kila siku. Akatukalisha kwenye vigoda. Akasema, na weye uliyasikia kama nilivyoyasikia:

"Nyumba na michikichi, siigawanyi. Ni yenu siku mutakapokaa watatu, munyamaze, na wote watatu museme ndiyo juu ya neno moja. Kuuza, kugawa, kujenga, ni kwa ile ndiyo tu. Wawili hawamushindi mumoja. Na mutoto wangu atakayeshika silaha ya vita, kigoda chake kitolewe. Waliobaki wakae bila yeye."

Mama Zaituni akashindwa kujizuia. "Salala! Hii dini yenu, hata urithi munarithi kwa kunyamaza!" Baba akacheka mpaka akakohoa, na weye ukamshika mgongo. Hakuishi sana baada ya pale.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile. Najua hungependa niiseme. Lakini kuna watu wamekusema vibaya kwa sauti kubwa, basi na minye nitasema kwa sauti kubwa.

Waasi walikuwa wamefika kutoka bonde la Ruzizi, majani yamefungwa kichwani, wakisema risasi zikiwafikia zitageuka maji. Walikuwa wanawatafuta watu wa biro. Makarani, walimu, yeyote aliyekuwa na tai. Wengine tuliwajua na tuliwazika. Mke wa Zakaria na watoto walikuwa wamekimbilia kwa wazazi wake Luvungi. Zakaria alibaki na sisi. Asubuhi ile, mara tu tulipokaa, tukasikia gari barabarani, na Zakaria akakimbia uani, akaingia ndani ya pipa moja la mawese, akavuta kifuniko. Weye ukataka kuinuka. Nikakushika goti, tukabaki tumekaa.

Waliingia wanne. Mkubwa wao hakuwa hata na ndevu. Akauliza, "Karani iko wapi?"

Nyumba nyingine yoyote ya Uvira ingejua la kufanya. Wangesema amekwenda Bukavu. Wangeapa kwa Mungu, kwa mama, kwa kaburi la babu, na wale vijana wangekwenda zao. Sisi tulikaa. Mdomo wangu, huu huu usiojua kufungwa, ulifungika. Si kwamba tulipanga. Tulikuwa hatujawahi kujifunza namna ya kuongopa, na siku ile haikuwa siku ya kujifunzia.

"Munasali ao munanicheka?" akauliza. Kisha akasema, "Sawa. Apeni. Apeni kwamba hayuko hapa, nasi tunaenda."

Tukanyamaza. Yule kijana akaelewa. Ungeona alivyoelewa, usoni kabisa. Kimya chetu kilimwambia kila kitu. Akamtuma mmoja uani. Tukasikia kitako cha bunduki kikigonga pipa la kwanza. Lilikuwa tupu, likalia. Akagonga la pili, nalo likalia.

Hapo kigoda chako kikagonga sakafu, ko, na weye ulikuwa umesimama.

"Mukubwa," ulisema, "muko mbali na kwenu, na hamuna muntu wa kuwaandikia. Minye najua kusoma, najua kuandika, Kifaransa najua. Munipeleke minye."

"Basi weye njo karani tunayemutafuta?"

"Nimekuambia najua kuandika. Nitaandika."

Hukusema uongo. Nimeyapima maneno yale miaka yote hii, na sijaona uongo ndani yake. Yule kijana akakutazama, akamwita wa uani arudi. Akavua bunduki begani, akakunyoshea. "Basi beba."

Ulinitazama. Nilitaka kusema usiichukue. Nilitaka kusema ichukue upesi. Uliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto wa jirani, hujui umshike wapi. Mukatoka. Sikulia mpaka gari liliposikika limevuka daraja. Kisha nililia mpaka Mama Zaituni akaja akanifunga kichwa kwa kanga yake.

Zakaria alitoka kwenye pipa baadaye sana. Alikuwa mwekundu kwa mawese, nywele, masikio, shati jeupe la kazi, yote. Hakuuliza uko wapi. Sikumwuliza kwa nini hakuuliza. Nilimchemshia maji aoge.

Wanajeshi wa serikali waliporudi, na bati likapata matundu yake, waasi walikimbia. Wengine walipanda milima ya Fizi, wengine walivuka ziwa. Tukangoja kusikia jina lako. Mtu mmoja wa Sange akasema alikuona barabarani na bunduki begani, unatembea nyuma ya wengine. Mwingine akasema alikuona Kigoma, unabeba mizigo bandarini. Mwingine akasema umekufa, na huyo nilimfukuza kwa ufagio. Basi, tukabaki hivyo.

Sasa Zakaria.

Alikuja siku moja na Mzee Ramazani, wakasimama kwenye michikichi wakitazama. Ndipo nilipojua. Alitaka kumuuzia mzee nyumba na shamba, ahamie Bujumbura na mke wake na watoto. Sikumchukia kwa kutaka kuondoka. Alikuwa hapati usingizi. Mlango ukigongwa, hata ni mtoto anarudisha sufuria, alikuwa anaruka. Lakini nilimwambia, "Uamuzi ni wa watatu. Yoeli hayupo."

Akasema, macho chini, "Dada, Baba alisema wazi. Atakayeshika silaha, kigoda chake kitolewe. Yoeli alishika. Kila muntu iko anajua. Tumebaki wawili."

Nilishikwa na hasira ya namna ambayo Marafiki hawatakiwi kuwa nayo. Nikamwambia, "Nilimwona akiipokea. Na nilijua alikuwa anaipokea kwa ajili ya nani. Weye unajua?"

Akaingia ndani, akakichukua kigoda chako, akakiweka stoo pamoja na majembe. Nikakifuata, nikakirudisha mahali pake. Jumapili iliyofuata akakitoa tena. Nikakirudisha. Yoeli, sisi wawili, watu wazima, mmoja ana mvi na mwingine ana watoto, tulivutana kigoda kile mlangoni kama watoto wanaogombea ukoko. Mama Zaituni akaona juu ya ua, akapiga mikono, "Munagombea kigoda, na nyumba yenyewe inavuja!"

Lakini kila Jumapili tulikaa. Hilo lazima nimpe Zakaria, hakukosa hata moja. Alikaa, nilikaa, tulinyamaza, na mwisho aliuliza, "Dada, unasema ndiyo?" Nikasema, "Hapana." Akaondoka. Jumapili inayofuata, hivyo hivyo. Watu wa ukoo walikuja kunishauri. Mke wake alikuja kulia, na nililia naye, nikampa mawese, nikasema hapana. Mzee wa kanisa akaniambia labda moyo wangu umekuwa mgumu. Nikamwambia ndiyo, mzee, umekuwa mgumu, nimeutumia kuziba tundu.

Mzee Ramazani mwenyewe ndiye aliyejiondoa kwanza. Alisema, "Minye sinunui nyumba yenye muntu anayesema hapana ndani yake. Nitalala namna gani humo?" Na kule ofisini, walipoanza kuandika upya viwanja na wenyewe, nilikwenda. Karani kijana akaniuliza jina la mwenye nyumba. Nikamtajia matatu. Akasema mmoja wa hao anasikia alikuwa na waasi. Nikamwambia, "Umesikia vizuri, andika." Akasema basi niape kwamba huyo mtu yuko hai. Nikamwambia siapi, na sijui kama yuko hai, ila najua ni mwenye nyumba. Tulitazamana. Nyuma yangu kulikuwa na mstari mrefu na jua lilikuwa kali. Akaandika.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa nasafisha chini ya kitanda anacholalia Zakaria akija kwetu, nikakuta shati. Shati lile. Alikuwa ameliweka miaka yote bila kulifua, limekauka, jekundu, linanuka mawese ya zamani. Jumapili, kabla hajafika mahali petu pa kukaa, nililikunja, nikaliweka juu ya kigoda chako.

Akaingia. Akaliona. Akakaa. Tulinyamaza muda mrefu kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kimya kiishe. Halafu nikasikia nasukumwa, nikasema, "Baba alibeba risasi mpaka Tabora. Walimkamata, akabeba. Angekuwa hai leo, kigoda chake nacho tungekitoa?"

Zakaria akaanza kulia. Si kilio cha mwanamume anayejizuia. Alilia kama zamani alipoumwa sikio.

Kisha akasema. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, naye ameniruhusu, ameniambia niyaandike yote.

"Nilisikia kila kitu. Nilisikia yule akisema apeni, na nyinyi mukanyamaza. Nilisikia pipa la kando likigongwa, likalia mpaka kwenye meno yangu. Nilisikia kigoda cha Yoeli kikigonga, nikajua amesimama. Kifuniko kilikuwa juu ya kichwa changu tu, dada. Hakikuwa hata kizito. Ningekiinua kwa utosi. Sikukiinua. Tangu siku ile nikiingia nyumba hii nasikia kile kigoda. Nilitaka iuzwe nisikisikie."

Nilitaka kumshika. Akanikatalia kwa mkono.

"Bunduki ile ilikuwa ya minye kubeba," akasema. "Kama kuna muntu wa kutolewa, ni minye."

Akainuka. Akachukua kigoda chake, Yoeli, si chako, chake, akatoka nacho, akakiweka nje ya mlango, akakaa, mgongo umeelekea ukuta. Nilimfuata. Nilimwambia arudi, hakuna aliyemfukuza. Akasema, "Nitaingia akiingia yeye."

Hajaingia mpaka leo. Haulizi tena habari ya kuuza. Amemleta mke wake na watoto kutoka Luvungi, wamepanga nyumba ndogo mtaa wa pili, na kila Jumapili anakuja na kukaa pale nje. Jua linampiga. Mvua ikinyesha nampelekea gunia ajifunike, analipokea, anasema asante, haingii. Watu wanaopita wanadhani ni mlinzi.

Basi ona hali yetu. Baba alisema watatu. Mmoja yuko nje ya mlango kwa kupenda kwake, mmoja hajulikani aliko, na minye peke yangu ndani, nimekaa na vigoda viwili. Siwezi kusema ndiyo juu ya kitu chochote, hata bati la kuziba matundu, maana ndiyo ya mtu mmoja Baba hakuitaja. Watu wa ukoo wamechoka nasi. Wanasema nyumba itaanguka tukiwa tumenyamaza. Ianguke kama inataka kuanguka. Nitakaa kwenye udongo wake.

Sijui ulifanya nini na bunduki ile baada ya daraja. Sitakuuliza, na nimemkataza kila mtu kukuuliza. Kama mkono wako ulimwua mtu, utakuja ukae, utasema mwenyewe siku utakayosukumwa, na tutalia nawe, na tutakwenda nawe kwa watu wa huyo mtu. Kama haukuua, utasema pia. Hatutakuapisha. Neno lako lilitutosha zamani, litatutosha sasa.

Wanatangaza kwamba waliokimbia warudi, hawatafanywa kitu. Minye siamini kila linalotangazwa, weye unanijua. Usishuke mchana katikati ya mji ukijitembeza. Pitia kwa Mama Zaituni. Amesema mlango wake wa nyuma uko wazi, na amesema pia anakudai samahani nyingi kwa vile ulivyoondoka bila kumuaga, na kwamba atakupikia kwanza, atakufokea baadaye. Mzee Ramazani atakwenda nawe ofisini mwenyewe. Ameniambia hilo bila kuombwa.

Na kama umeoa, njoo naye. Kama una watoto, nitawachongesha vigoda.

Neno la mwisho, kisha nikuache, maana karatasi inaisha na mafuta ya kesho bado hayajachujwa. Wiki mbili nyuma fundi alikuja kutazama dari. Akakiona kigoda chako kinavyocheza, akatoa msumeno asawazishe miguu. Nilimfokea mpaka akasahau nyundo yake. Kisha Jumapili ikafika, nikakaa, Zakaria akakaa nje, tukanyamaza. Sijui kilichonipata. Nilinyosha mguu, nikakisukuma kigoda chako kidogo kwa kidole.

Ko.

Zakaria aliruka kutoka nje akasimama mlangoni, mkono juu ya fremu, amepauka, anatafuta kwa macho chumba kizima. Akaniona minye tu, na mguu wangu umenyoshwa. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akarudi kukaa.

Sitafanya tena vile. Njoo ukigonge mwenyewe.

Aliyekubeba mgongoni na mgongo haujachoka,
dada yako Damari,
Nyamianda, Uvira